Ushuru wa Kamari Kenya: Jua Unachokatwa Kabla Hujaweka Dau

Wakenya wengi wanaobeti kwa simu wanaijua vizuri hesabu ya mkeka. Watajie mechi kumi za wikendi na watakuambia ipi inalipa ngapi. Waulize wamelipa ushuru kiasi gani mwezi huu, wengi watakosa jibu. Si ajabu, kwa sababu ushuru huo haulipwi dirishani wala haudaiwi kwa barua. Unakatwa ndani ya akaunti ya kubeti, na ujumbe wa M-Pesa unapoingia unaonyesha tu kile kilichobaki.

Tangu Julai 1, 2025, makato hayo yamebadilika sana. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliacha kuangalia ushindi wa mchezaji na ikaanza kufuata mwendo wa pesa zake. Zinapoingia kwenye akaunti ya kubeti zinakatwa, zinapotoka zinakatwa tena. Kwa hiyo aliyeshinda analipa, aliyeshindwa analipa, na hata aliyeghairi akazitoa pesa zake bila kucheza analipa. Yeyote anayebeti, pamoja na familia ambayo pesa zake za matumizi hupitia huko, anastahili kuijua hesabu hii kwa shilingi na senti.

Ushuru unakatwa mahali patatu

Mahali pa kwanza ni mlangoni. Unapotuma pesa kutoka M-Pesa kwenda kwenye akaunti yako ya kubeti, unatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 ya kiasi ulichoweka. Huu ni ushuru wa aina ileile inayotozwa bia, sigara na muda wa maongezi wa simu. Akaunti ya michezo ya kasino ya mtandaoni, ikiwemo ile ya ndege inayopaa maarufu kama Aviator, inafuata kanuni hiyohiyo. Kwa bahati nasibu, asilimia 5 hiyo hutozwa kwenye bei ya tiketi, na kwa mashindano ya zawadi, kama yale ya kutuma ujumbe mfupi kwenye redio na runinga, hutozwa kwenye ada ya kushiriki.

Mahali pa pili ni unapozitoa pesa. Kiasi chochote unachokitoa kutoka kwenye akaunti ya kubeti kwenda M-Pesa au benki kinakatwa asilimia 5 nyingine. Hii ni kodi ya zuio, yaani kampuni inaizuia kabla haijakulipa na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA). Zamani kodi hii ilikuwa asilimia 20, na ilitozwa ushindi. Sasa kiwango kimeshuka, lakini kinagusa kila shilingi inayotoka, iwe ni ya ushindi au ni mtaji wako mwenyewe unaorudi nyumbani.

Mahali pa tatu ni kwa kampuni yenyewe. Hulipa asilimia 15 ya mapato yake ghafi, yaani jumla ya madau yaliyowekwa ukitoa jumla ya ushindi uliolipwa. Kampuni ikipokea madau ya Sh10 milioni na kulipa washindi Sh8 milioni, mapato yake ghafi ni Sh2 milioni, na ushuru wake ni Sh300,000. Makato haya hayaonekani kwenye simu yako. Hata hivyo zile Sh2 milioni zimetoka mifukoni mwa wachezaji, na ndizo zinazolipia ushuru huo, mishahara, matangazo na faida ya mwenye kampuni.

Hesabu ya shilingi elfu moja

Asilimia 5 inaonekana ndogo ukiisikia peke yake. Tuichukue Sh1,000 tuifuatilie kuanzia inapotumwa.

Ukiweka Sh1,000, Sh50 inakatwa mlangoni. Akaunti yako inasoma Sh950. Ukiiweka yote kwenye mechi inayozidisha dau mara mbili na ukashinda, akaunti inakuwa Sh1,900. Ukitoa zote, Sh95 inakatwa, na M-Pesa inapokea Sh1,805. Faida yako ni Sh805, si Sh1,000 uliyokuwa ukiiwaza. Serikali imepata Sh145.

Ukishindwa, umepoteza Sh1,000. Kati ya hizo, Sh50 ilikwenda kwa serikali na Sh950 kwenye kapu la kampuni. Ushuru ule wa mlangoni haurudishwi kwa sababu mkeka umechanika.

Ukiweka Sh1,000 kisha ukaghairi, labda mtoto amefukuzwa karo au mechi imeahirishwa, ukitaka kuzitoa zile Sh950 unakatwa Sh47.50. Unabaki na Sh902.50. Umepoteza karibu Sh98 bila kucheza hata mechi moja.

Kuna hesabu nyingine inayowahusu wale wanaopenda mechi zinazoitwa za uhakika, zile zinazolipa kidogo lakini timu ni kubwa. Tuseme mechi inalipa 1.05. Sh950 inakuwa Sh997.50. Ukizitoa, inakatwa karibu Sh50, unapokea Sh947.63. Umeshinda mkeka na bado umepoteza zaidi ya Sh52. Hata mechi inayolipa 1.10 haikurudishii pesa zako, kwani utapokea Sh992.75. Ukiweka pesa mara moja, ukashinda mechi moja na kuzitoa hapohapo, unahitaji angalau 1.11 ili urudi pale ulipoanzia. Chini ya hapo, kushinda kwako ni hasara.

Aina ya mwisho ya hasara inamkuta anayeweka na kutoa mara kwa mara. Kila mzunguko wa kuingia na kutoka unakula karibu asilimia 10. Ukizungusha Sh1,000 mara tano, kila mara ukizitoa zote na kuzirudisha zote, bila kushinda wala kushindwa chochote, unabaki na takriban Sh599. Hapo bado hujahesabu ada za M-Pesa.

Viwango vimepanda na kushuka

Anayeshangaa kwa nini viwango anavyovijua havilingani na anavyokatwa sasa hana makosa. Sheria za ushuru wa kamari nchini Kenya zimebadilika mara nyingi katika kipindi kifupi.

Ushuru wa mapato ya kampuni ulikuwa asilimia 7.5, ukapandishwa hadi asilimia 35 kuanzia Januari 2018. Baadhi ya kampuni zikasitisha ufadhili wa vilabu na ligi, na mwaka huohuo kiwango kikashushwa hadi asilimia 15. Kodi ya asilimia 20 kwa ushindi wa mchezaji ilikuwa imefutwa na Sheria ya Fedha ya 2016, kisha ikarejeshwa mwaka 2018. Hapo ndipo ulipozuka mvutano mkubwa kati ya KRA na kampuni kuhusu maana ya ushindi: je, ni malipo yote, pamoja na dau la mchezaji, au ni kile kilichozidi dau? Mnamo Julai 2019 kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya kwa madai ya ushuru ambao haukulipwa, na nambari zao za malipo za M-Pesa zikafungwa.

Ushuru wa dau nao una historia yake. Sheria ya Fedha ya 2019 iliuanzisha kwa asilimia 20. Ukaondolewa mwaka 2020, ukarudishwa mwaka 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi asilimia 12.5 mwaka 2023, na asilimia 15 mnamo Desemba 2024. Julai 2025 ukashuka hadi asilimia 5, na ukahama kutoka kwenye dau hadi kwenye pesa zinazowekwa.

Chini ya sheria iliyotangulia, mfano wetu wa Sh1,000 na mechi ya mara mbili ungekuwa hivi: asilimia 15 ya dau ni Sh150, kwa hiyo Sh850 ndiyo inayocheza. Ukishinda unapata Sh1,700. Faida ya Sh850 inakatwa asilimia 20, yaani Sh170. Unapokea Sh1,530. Leo unapokea Sh1,805. Kwa mshindi wa namna hiyo mzigo umepungua, na huo ndio ukweli. Lakini zamani aliyetoa pesa ambazo hakuzichezea hakukatwa kitu. Leo anakatwa mara mbili.

Viwango vya makala haya ni vile vilivyoanza Julai 1, 2025. Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kila mwaka, na kwa kawaida mabadiliko yake huanza kutumika mwezi Julai. Kila ifikapo wakati huo, hakikisha unauliza upya.

Uziache pesa au uzitoe?

Kwa kuwa ushuru unakatwa wakati wa kutoa, wachezaji wengi wamejifunza kuziacha pesa ndani ya akaunti ya kubeti. Wanasema: kwa nini nikatwe leo na kesho nitaweka tena? Kwa hesabu tupu wana hoja. Aliyeziacha Sh1,900 zake humo hajakatwa zile Sh95.

Lakini pesa iliyo ndani ya akaunti ya kubeti iko mguso mmoja tu kutoka kwenye mkeka mwingine. Usiku wa manane, baada ya kuchaniwa mikeka miwili, ndiyo inayowekwa kwenye wa tatu ili kurudisha iliyopotea. Kampuni hulipa asilimia 15 ya mapato yake ghafi na bado inabaki na faida kwa sababu wachezaji, wakijumlishwa, hupoteza zaidi ya wanavyopata. Aliyeziacha pesa ndani ili kuokoa asilimia 5 anazihatarisha asilimia 95 zilizobaki.

Ushauri wetu ni huu: ukishinda kiasi chenye maana kwako, kitoe siku hiyohiyo, kubali makato, na usikirudishe. Ukatwe Sh95 na Sh1,805 ifike kwenye unga, kodi ya nyumba au akiba ya chama. Kinachokugharimu sana ni kule kuzungusha, kutoa leo na kuweka kesho. Anayetoa mara moja na kuacha hulipa mara moja.

Ushindi mkubwa: ushuru hauishii hapo

Tuseme umeshinda jakpoti ya Sh5 milioni na unaitoa kutoka kwenye akaunti yako ya kubeti. Makato ni Sh250,000, unapokea Sh4,750,000. Kiasi kama hicho hakiwezi kukaa kwenye M-Pesa, ambayo ina kikomo cha Sh500,000, kwa hiyo utalipwa kupitia benki. Benki itataka kujua pesa zimetoka wapi. Andaa barua ya kampuni inayoonyesha ushindi, tarehe, kiasi na kodi iliyokatwa.

Ni kampuni inayokata na kuwasilisha kodi hiyo kwa KRA, kwa hiyo hupangi foleni popote kuilipa. Lakini kuanzia pesa zinapoingia mkononi mwako, kila utakachozifanyia kina ushuru wake:

Ukiziweka benki au kwenye mfuko wa uwekezaji wa masoko ya fedha, riba inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15.

Ukinunua kiwanja, unalipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani ikiwa ni mjini, au asilimia 2 ikiwa ni mashambani, mbali na ada ya wakili na ya mpimaji.

Ukijenga nyumba za kupangisha na ukapata kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, unalipa asilimia 7.5 ya mapato hayo.

Ukiuza kiwanja hicho baadaye kwa faida, kuna kodi ya asilimia 15 ya faida hiyo.

Mshindi aliyegawa Sh4 milioni kwa ndugu na marafiki wiki ya kwanza, kisha akajifunga kununua ploti ya Sh750,000 mjini, atakwama kwa Sh30,000 ya stempu. Kabla hujaahidi mtu yeyote chochote, kaa na mhasibu au afisa wa benki unayemwamini, andika mpango, na utenge kwanza fungu la ushuru.

Anayekuomba ushuru kabla ya zawadi ni tapeli

Hapa ndipo wasiojua sheria wanapoumizwa zaidi, na wengi wao hawajawahi kubeti maishani. Simu inaita, au ujumbe unaingia: umeshinda Sh200,000 katika promosheni, tuma Sh3,500 ya ushuru ili zawadi itolewe. Wakati mwingine anayepiga anajitambulisha kama afisa wa KRA, wakati mwingine kama mfanyakazi wa kampuni ya simu. Anakuharakisha. Anakuambia usimweleze mtu yeyote.

Shika jambo moja tu na utakuwa salama. Kwa sheria ya Kenya, kodi ya zuio hukatwa kutoka ndani ya malipo. Kampuni halali inapunguza kodi, kisha inakutumia kilichobaki. Haina sababu yoyote ya kukuomba utangulize pesa, na KRA haikusanyi ushuru kupitia nambari ya simu ya mtu binafsi. Anayekutaka utume pesa ili upokee pesa anakuibia.

Usitume chochote. Usitaje PIN ya M-Pesa wala nambari ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Ikiwa uko kwenye mtandao wa Safaricom, peleka nambari ya tapeli kwa ujumbe mfupi kwenda 333. Kama umeshatuma, wasiliana na kampuni ya simu mara moja uombe muamala usitishwe, kisha upige ripoti kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wote bila kuufuta. Na uwaeleze wazazi na jamaa walioko mashambani, kwa sababu wao ndio wanaopigiwa simu hizi mchana wakiwa peke yao.

Kampuni isiyo na leseni

Tovuti na programu zisizo na leseni hujipamba kwa ahadi ya kubeti bila makato. Kampuni isiyo na leseni inaweza kukwepa kukata ushuru, lakini vilevile inaweza kukataa kukulipa, na hutakuwa na pa kushtaki. Kwa miaka mingi leseni zilitolewa na Bodi ya Kudhibiti Michezo ya Kamari (BCLB), iliyoundwa chini ya sheria ya 1966. Agosti 2025 Rais alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, inayoanzisha mamlaka mpya ya kusimamia sekta hii. Kabla ya kufungua akaunti, thibitisha kwa mamlaka husika kuwa kampuni ina leseni ya mwaka huu, na usome masharti kuhusu nani anabeba ushuru wa kuweka. Na kamwe usimfungulie akaunti mtoto aliye chini ya miaka 18, wala usimkopeshe kitambulisho chako.

Weka daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayebeti, daftari linahitaji safu nne tu: tarehe, kiasi ulichotuma kutoka M-Pesa, kiasi kilichorudi M-Pesa, na tofauti yake. Usiandike ushindi unaosomeka ndani ya akaunti ya kubeti. Huo bado si wako mpaka utoke. Huna haja ya kukumbuka, kwani taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa inapatikana bure kwenye simu yako. Ichapishe au iandike, jumlisha kilichotoka, jumlisha kilichorudi.

Daftari hilo lina kazi mbili. Kwanza, likitokea kosa, kwa mfano umekatwa zaidi ya asilimia 5, una ushahidi wa kuipelekea kampuni, na ikikataa kukusikiliza, kuipelekea KRA na mdhibiti. Pili, litakuambia ukweli ambao kumbukumbu huficha. Ushindi mmoja wa Sh10,000 husimuliwa mwaka mzima, huku Sh200 za kila jioni zikisahaulika, ilhali kwa mwaka zinafika Sh73,000.

Kwa ndugu walio nje ya Kenya

Sheria inayokuhusu ni ya nchi ulikoshinda, pengine pamoja na ya nchi unakoishi. Nchini Uingereza mchezaji halipi kodi ya ushindi. Kampuni ndizo zinazolipa. Nchini Marekani ushindi wote ni mapato ya kutangazwa kwenye fomu ya mwaka. Zawadi ya bahati nasibu inayozidi dola 5,000 hukatwa asilimia 24 papo hapo na serikali kuu, na mwenye mapato makubwa anaweza kudaiwa zaidi mwisho wa mwaka kwa kuwa kiwango cha juu ni asilimia 37. Asiye mkazi wa Marekani kwa mujibu wa sheria zake za kodi kwa kawaida hukatwa asilimia 30. Majimbo mengi huongeza kodi yao. Usizitumie pesa zote kabla ya kujaza fomu.

Kabla ya dau lijalo

Sheria ya sasa imeufanya ushuru wa kamari kuwa nauli ya kuingia na kutoka, na abiria wote wanailipa, aliyefika na asiyefika. Ukichagua kucheza, weka kiasi ambacho nyumba yako haitakikosa, hesabu asilimia 5 mbili kabla ya kutuma, na ukishinda utoe mara moja. Ukiona daftari lako linasoma hasara mwezi hadi mwezi, hakuna mkeka utakaolirekebisha. Funga akaunti, zungumza na mtu unayemwamini, na umwombe akusaidie kutoirudia. Shilingi ambayo hukuituma haikatwi ushuru wa kamari na mtu yeyote.